Ukuta Tuliopaka Dawa kwa Ndani

Mpaka leo sijui nitawaangaliaje wakwe zangu wa Thika machoni, na hata siku ya harusi nilikaa viti vya nyuma kama jirani aliyepitia tu kula.

Nilikuwa najenga hapa Gitothua, ploti ya mteremko, kwa hivyo tulichimba tukapata besimenti, chumba kikubwa ambacho ukuta wake mmoja umezuia udongo wote wa huko juu, na ukuta huo ulipoisha fundi wangu Otieno akaniuliza, "Mzee, tubandike karatasi ya lami kwa nje kabla turudishe udongo, ama tupake tu dawa ya kuzuia maji kwa ndani?" Sasa karatasi ilitaka ukuta ukauke kwanza, na ruracio ya binti yangu Wanjiku, sherehe ya mahari, ilikuwa imekaribia, na mimi (na mdomo wangu) nilikuwa nimetangazia kila mtu kwamba wageni watakuta nyumba imeisha. Nikasema tupake ndani.

Mke wangu akauliza, "Na maji ikitokea huko nyuma ya ukuta?"

Nikamwambia mvua hunyesha kwa paa, hainyeshi kwa ukuta. Nikacheka, tena huo utani nikaurudia kanisani.

Siku ya ruracio tulikuwa tumeshakula chini ya hema nje, wazee wa pande zote mbili wanaongea taratibu, mvua ikaanza, ile nzito, hema likalemewa, nami nikashika maikrofoni nikaalika kila mtu ashuke besimenti. Mama yangu, ambaye watoto humwita Cucu, nilimshika mkono mwenyewe nikamketisha kule ndani kabisa, karibu na ukuta. Baba ya bwana harusi akasifu kazi, akaweka kiganja ukutani, akakitoa kimelowa. Akakificha mfukoni kwa heshima. Halafu ile dawa ikaanza kufura kama ngozi iliyoungua, ikapasuka, na pale ukuta unapokutana na sakafu maji ya matope yakaingia kwa nguvu. Mtu akasema soketi ziko na stima, mwingine akazima meni, swichi kubwa ya nyumba, giza likaingia, na wote tukakimbilia ngazi moja.

Mimi nilitoka kati ya wale wa kwanza. Niliwaza wakwe tu, hiyo ndiyo kweli, na nilikuwa nimeinama kwenye veranda nampangusa mkwe viatu kwa leso yangu, nikimweleza ni maji kidogo tu, wakati Wanjiku aliuliza nyuma yangu, "Baba, Cucu yuko wapi?"

Bwana harusi ndiye aliyerudi chini. Akamkuta Mama ameanguka kando ya ukuta, akampandisha mikononi, suti yote matope, Mama akiwa ameuma mtandio wake asilie mbele ya wageni. Huko Thika hospitalini wakatuambia nyonga imevunjika, na tangu hapo hajatembea tena.

Baadaye tulifukua ule udongo wote, tukabandika karatasi kwa nje, tukaweka kokoto na paipu ya kutoa maji. Kumekauka. Lakini mlango nimeufunga na sitamwalika mtu yeyote huko tena, na mkijenga, jamani, ukuta kama huo uzibeni upande wa udongo, hata kama wageni wako njiani.

Mama hajawahi kunilaumu. Mvua ikianza tu huniita kutoka kitandani, aniulize, "Watu wametoka huko chini?"

Namwambia wametoka, Maitu, wote.