Mgongo wa Rodney Pocock

Tulimzika mdogo wangu Rodney mwezi wa pili. Kwenye chai ya msiba, pale klabu ya wafanyakazi, mwenyekiti akasimama na sandwichi mkononi akasema mji wetu wa Harlby umempoteza nyota wake wa sinema. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeshika kikombe, lakini hata ningekuwa mikono mitupu nisingepiga. Kwa hiyo naandika hapa maisha yake yalivyokuwa. Mimi ni dada yake, nepi zake nimezifua, na nyota sikuwahi kuona. Mwandiko wangu ni mbaya na sitaki mtu aunyooshe.

Rodney alizaliwa mwaka ule wa baridi kali, vita vimekwisha lakini mkate bado unagawiwa kwa kadi. Alikuwa mtoto wa kupanda. Alipanda kabati, akapanda ukuta wa choo cha uani, akapanda mnara wa kanisa hadi askari akaitwa. Kwa hiyo alipoacha shule hakuna aliyejiuliza afanye nini. Akaenda kwa fundi wa mapaa. Siku moja ya joto ndoo ya lami ya moto ikammwagikia mgongoni. Mama akampaka siagi, kama wote tulivyofanya kwa mtu aliyeungua, na siagi ikamkaanga vizuri zaidi. Ikabaki alama chini ya bega la kushoto.

Mimi nilikuwa kiwanda cha viatu, nashona ngozi za juu. Kwenye cherehani ya pembeni yangu alikaa Thelma Sedgley, msichana wa miaka kumi na minane, mwembamba, mikono migumu, mdomo usiochelewa. Rodney alimwona kwa mara ya kwanza akiwa juu ya paa la kiwanda, anabadilisha vioo. Thelma akainua uso, akamwambia, "Kama umekuja kutengeneza, tengeneza. Kama umekuja kutazama, shuka ulipe kiingilio." Rodney akashuka. Mwaka mzima wakawa wanatembea pamoja, Jumamosi viazi vya kukaanga na samaki, Jumapili kando ya mfereji. Akamvisha pete. Alikuwa kijana wa kawaida, mwenye kazi, na alikuwa anampenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye sitakuwa na nafasi ya kumsifu.

Tatizo pekee lilikuwa mama yake Thelma. Bi Sedgley alikuwa mjane, mtu wa kanisa lisilogusa pombe, na aliweza kunusa bia kupitia ukuta wa matofali. Wachumba waliruhusiwa kukaa chumba cha mbele, mlango wazi, yeye akifuma soksi kwenye ngazi.

Basi kiangazi cha mwaka sitini na saba wakaja watu wa sinema kutoka London.

Picha za aina ile zilikuwa nyingi siku zile na nimeziona karibu zote, kwa sababu mvua ilikuwa nyingi pia. Zote ni moja. Kuna kijana wa miaka kumi na saba, anayechezwa na mtu ambaye upara umeshaanza kumbishia hodi. Kijana huyo hana kazi nyingine ila kutafuta msichana wa kulala naye. Anatunong'oneza mawazo yake masikioni, kana kwamba tumemwuliza. Anampata wa kwanza, anaanguka kwenye bwawa. Anampata wa pili, baba wa msichana anarudi nyumbani. Wasichana wenyewe hawasemi neno la maana. Kazi yao ni sketi fupi na kucheka. Mwisho kijana anatembea peke yake barabarani, gitaa linalia, tunaambiwa amekuwa mtu mzima. Amekuwa mtu mzima kwa kufanya nini, hawasemi. Na magazeti yakaandika kwamba ndivyo vijana wa nchi nzima wanavyoishi. Huko London labda. Sisi Harlby tulioga Ijumaa, kwa zamu, maji yaleyale.

Katika picha yao kijana alitakiwa apande bomba la maji ya mvua hadi dirisha la msichana wa kitajiri. Mwigizaji akapanda kimo cha mbwa, uso ukawa wa kijani kwa hofu. Mkubwa wao akatazama huku na huku, akamwona Rodney juu ya paa la jirani, anakula yai lililolowekwa kwenye siki. Wakamwita. Wakamvika koti la mwigizaji, la mahameli ya zambarau, wakamwambia asigeuze uso. Rodney akapanda lile bomba mchana kutwa kama unavyopanda ngazi ya kwenu, akaingia dirishani, akatoka, akapanda tena. Jioni wakampa mkono na kikombe cha chai, wakafunga mizigo yao, wakaenda.

Siku ile alinieleza mwenyewe. "Dada, ndani ya dirisha hakuna chumba. Kuna mbao tu, na mzee mmoja anavuta sigara."

Lakini kufika majira ya baridi mambo yalikuwa yamebadilika. Alikuwa amenunua koti la zambarau. Alikuwa anasema "sisi wa sinema." Kule mkahawani vijana wa mapaa walimzunguka, na nikasikia kwamba baada ya dirisha aliendelea ndani, na kwamba mambo ya kitandani ni yeye pia.

Nikamkamata jikoni. "Uliingia dirishani ukamkuta nani?"

"Dada, hayo ni mambo ya kazi."

"Ulimkuta mzee na sigara. Uliniambia wewe."

"Wakati ule nilikuwa bado sijaelewa uzito wake."

"Uzito wa nini?"

"Wa nafasi yangu," akasema, akachana nywele kwenye kioo cha Mama.

Picha ikafika Harlby mwezi wa tatu. Bi Sedgley hakuwa ameingia sinema tangu mumewe afe, lakini alikuwa amesikia mkwe mtarajiwa yumo, akataka kuona kwa macho yake anampa binti yake nani. Jumamosi tulipotoka kiwandani tukaenda watatu, yeye, Thelma na mimi.

Siku hizo picha ilizunguka mchana kutwa bila kusimama. Hakuna aliyeuliza inaanza saa ngapi. Uliingia ulipofika, hata kama ni katikati, ukaangalia mwisho, ukakaa, ukaangalia mwanzo, na ilipofika pale ulipoingilia ukasimama ukaenda zako. Ndivyo sote tulivyoona picha, ndiyo maana nusu ya maisha yangu nilijua nani ameoana na nani kabla sijajua wanaitwaje.

Basi tuliingia katikati. Hatujakaa vizuri, Rodney huyo anapanda bomba. Huwezi kumfananisha na mwingine: sikio la kulia limetoka nje kama mpini wa kikombe. Vijana wa mapaa, waliokuwa mbele kabisa pamoja naye, wakashangilia. Bi Sedgley akanyoosha shingo. "Anapanda vizuri," akasema. Nadhani ndiyo sifa pekee aliyowahi kumpa.

Rodney akaingia dirishani. Picha ikaruka hadi ndani, na hapo ni kitanda, koti la zambarau liko sakafuni, na mgongo wa mwanaume uko wazi hadi kiunoni, chini yake msichana anacheka.

Bi Sedgley akavuta pumzi hadi kofia ikasogea. "Pete itarudi kwao kesho," akasema.

"Mama, huyo si Rodney."

"Nimemwona akipanda. Nimemwona akiingia."

"Aliyepanda ni Rodney. Aliye kitandani ni mtu mwingine."

"Koti ni lilelile."

"Koti ndiyo, mgongo siyo. Rodney ana alama ya lami chini ya bega la kushoto, kama kisigino cha kiatu cha mtoto, na nywele mbili zimeota katikati."

Alisema kwa sauti ya kiwandani, ile tunayotumia kushinda cherehani. Ukumbi mzima ukanyamaza. Hata msichana wa kwenye picha ilikuwa kama amenyamaza.

"Mimi ndiye niliyemwambia, Bi Sedgley," nikasema. "Kuhusu hiyo alama."

"Na nywele, Enid, ulizihesabu wewe?"

Mtu nyuma yetu akasema, "Muulizeni na za miguuni." Watu wakacheka hadi viti vikalia. Msichana wa tochi, yule wa kuonyesha watu viti, akaja akatumulika sisi watatu, mmoja mmoja, kama wezi wa kuku.

Nilidhani tutatoka. Thelma alishaanza kuokota mkoba. Bi Sedgley akamshika mkono. "Kaa chini. Tumelipia picha nzima, tutaona picha nzima." Maana kwao kutoka kabla ya pale ulipoingilia ilikuwa ni kutupa chakula. Tukakaa. Tukaona yule mzee kijana akitembea na gitaa lake. Tukaona habari za dunia, tukaona tangazo la supu ya mkebe. Taa zikawaka, kila mtu akageuka kututazama, na Bi Sedgley akanunua barafu tamu tatu, ya Thelma akampa bila kumwangalia. Kisha mwanzo wa picha, bwawa, baba anarudi nyumbani, yote.

Gizani Thelma akaninong'oneza, "Nimekwisha, Enid?"

"Bado. Rodney akisema ukweli, kwamba ya kitandani si yeye, mama yako atajua umeuona mgongo wake, atawaozesha kabla ya Pasaka."

"Kwa hasira."

"Kwa haraka. Akisema ni yeye, hatakanyaga tena kwenu."

Akalamba barafu kidogo. "Hata kwa hasira nitakubali," akasema. "Wacha wanicheke kiwandani. Watachoka."

Bomba likatokea tena kwenye picha. Bi Sedgley akasimama, akakung'uta sketi. "Hapa ndipo tulipoingilia."

Rodney alikuwa ametangulia kutoka. Alisimama pale mlangoni chini ya taa za rangi, koti lake mwilini, vijana wa mapaa wamemzunguka, na wasichana wawili wa saluni wakimwomba awasimulie. Kila kitu alikuwa amekisikia. Ukumbi mzima ulikuwa umesikia. Bi Sedgley akawapita wote kama kondoo waliosimama njiani.

"Kijana. Mgongo ule wa kitandani ni wako au si wako?"

Rodney akatabasamu. Akamwangalia Thelma. Nami nilimwona, naapa, kwa kitambo kidogo akiwa yule mtoto aliyeshuka kutoka paa la kiwanda. Kisha mmoja wa vijana akasema, "Mwambie, nyota," na wale wa saluni wakacheka.

"Ni wangu," akasema Rodney. "Wa bombani na wa kitandani. Kazi ni kazi, Bi Sedgley."

Thelma akasogea mbele. "Basi inua shati."

"Hapa?"

"Hapahapa. Inua waone."

"Watu wanatazama, Thelma."

"Wameshanitazama mimi mchana kutwa. Nimekwambia inua tu shati. Yatakayofuata nitayabeba mimi."

Hakuwa analia. Aliongea taratibu, kama anayemwelekeza mtu mgeni njia. Rodney akaangalia viatu vyake, akaangalia vijana, akafunga kifungo cha koti. "Nimeshasema ni wangu," akasema.

Pete ilikataa kutoka. Vidole vyetu vilikuwa vimevimba kwa kazi. Thelma akalowesha kidole kwa mate, akazungusha, akaitoa, akamtia mfukoni mwa lile koti. "Shika, nyota," akasema. Bi Sedgley akamchukua mkono wakaenda zao chini ya mwavuli mmoja, mama amenyoosha mgongo kwa furaha, kwa sababu sasa Harlby yote ilikuwa imesikia kwa kinywa cha mwanaume mwenyewe kwamba alama haipo, kwa hiyo binti yake hajaona kitu.

Na hapo ndipo Rodney alipopata hadithi yake ya pili, na hii aliithamini kuliko ya kwanza. Miaka yote, akinywa glasi ya tatu, alisema alidanganya makusudi. Alikuwa analinda heshima ya Thelma. Alijitoa, alisema, kama muungwana. Watu wa klabu walikuwa wanafuta macho.

Watu wa sinema hawakumwita tena. Alipanda mapaa hadi magoti yakakataa. Alimwoa mmoja wa wale wa saluni, akaishi naye hadi mwanamke alipochoka kusikia habari za bomba. Thelma alimaliza mwaka kiwandani pembeni yangu, hakumtaja hata mara moja, kisha akaolewa na mwuza makaa wa mji wa pili, mtu wa mikono myeusi, mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Mara moja tu nilimuuliza Rodney. Tulikuwa tumezeeka wote, amekuja kwangu kula maini na vitunguu.

"Kama ulikuwa unamlinda," nikasema, "mbona hukumfuata wiki iliyofuata, watu hawapo, ukamwambia?"

"Nilikuwa nasubiri watu wasahau."

"Walisahau wiki hiyohiyo. Ni wewe uliyekuwa unawakumbusha."

Akatafuna. "Unadhani angenikubali?"

"Alikukubali, Rodney, mbele ya mji mzima. Kula, maini yanapoa."