Delmar alivyomwacha mkewe ili apate dawa

Saa kumi na moja alfajiri, Delmar Stiltner anatoka kwenye kijumba cha magurudumu nyuma ya nyumba yake mwenyewe, anabisha hodi mlango wa jikoni. Ndani yumo mwanamke aliyeishi naye miaka thelathini na mitatu.

"Ingia, mhuni we, kahawa inapoa," anasema Oleta, kisha anakohoa mpaka anashika meza.

Delmar anakula mkate na mchuzi wa soseji harakaharaka. Ni mnoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao hapa Tackett Fork, milimani West Virginia. Mshahara ni dola elfu tatu kwa mwezi. Bima ya afya haimo, maana tajiri ana vibarua sita tu, na sheria haimlazimishi mwenye wachache hivyo.

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Mapafu ya Oleta yanajaa makovu, na dawa ya kuyachelewesha inapita dola elfu kumi kwa mwezi. Bima waliyokuwa wakijilipia iliikataa mara tatu. Ipo bima ya serikali ya maskini, lakini ilipouona mshahara wa Delmar ikasema wamezidi kiwango. Wamezidi nini, watu waliokwishauza hadi trekta?

Karani mmoja wa bima hiyo akamnong'oneza Oleta kwamba angekuwa hana mume, angepata.

"Nikamwambia mzee, niache," anasimulia Oleta. "Alininunia wiki nzima. Kwao hakujawahi kuachwa mtu."

Mahakamani, jaji aliuliza kama ndoa yao imevunjika isiweze kutengenezeka. Delmar, shemasi wa Kibaptisti, akamgeukia Oleta, mkono wa kiapo ungali juu. Oleta akamkanyaga mguu.

"Nikasema ndiyo, mheshimiwa," anasema Delmar. "Nilidanganya mbele ya Mungu, na ningedanganya tena. Ila inaniuma, we acha tu."

Walirudi nyumbani kwa gari moja, na mwezi uliofuata dawa ikaja. Kuhama chumbani hakuna aliyemlazimisha. Ni yeye mwenyewe aliyeshindwa kulala na mwanamke asiye mkewe halafu Jumapili asimame kanisani.

"Nikikohoa usiku anakuja mbio na soksi," Oleta anacheka kwa shida, "halafu anasimama mlangoni kama mchumba anayeogopa wakwe."

Wakioana leo, dawa inakatwa. Oleta ana miaka hamsini na saba, na bima ya wazee, isiyojali mshahara wa mume, inaanza sitini na mitano. Daktari amemhesabia miaka minne ya kuishi, mitano akijaliwa, naye anajua.

Huko Washington wanasiasa wamebishana miaka nenda rudi kama umri huo ushushwe. Delmar haachi kuwasikiliza redioni, msumeno mkononi.

"Wakiushusha hadi sitini tu, nitawahi," anasema. "Nataka azikwe akiwa mke wangu."