Mfupa wa Koo Uliosomwa kwa Haraka

Kwa miaka thelathini na mmoja mpimaji wa mifupa alikaa chumba cha mwisho cha maabara ya serikali, penye meza ya bati, taa ya shingo ndefu na maboksi yaliyoandikwa namba. Wenzake walimwita Bwana Lenzi, kwa kuwa hakutoa neno kabla ya kuinama na kutazama.

Siku moja tu aliinama kwa haraka. Mahakama ilikuwa ikimngoja aeleze kifo cha mwanamke wa miaka kumi na tisa, ambaye mifupa yake ilitolewa katika kisima kikavu. Mume alidai mkewe alitumbukia. Bwana Lenzi alishika mfupa mdogo wa kooni, ule wenye umbo la kwato, akaona pembe yake moja, yaani ncha ya upande, imeachana na sehemu ya katikati, kama ivunjikavyo mtu akikabwa. Akaapa kwamba marehemu alikabwa. Mume akafungwa maisha.

Mwaka wa tisa wa kifungo hicho, daktari aliyekuja kurithi meza ya Bwana Lenzi alifungua boksi la mifupa ile ili ajifunze.

"Mzee wangu, hapa pamevunjika wapi?"

"Macho unayo, mwanangu, au umeyaacha nyumbani?"

"Ninayo. Kingo ni laini, zimeviringana. Huyu alikuwa binti mdogo. Katika umri ule pembe zilikuwa hazijaungana bado na sehemu ya katikati."

Bwana Lenzi akainama. Hakuinuka upesi. Kosa hilo huonywa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na aliyekuwa akiwaonya ni yeye.

Nyumbani mkewe alimsihi. "Maji yakimwagika hayazoleki, mume wangu. Umebakiza miezi miwili ustaafu, utajichafulia jina."

"Jina langu liko nje. Mwenzangu yuko ndani."

Asubuhi aliwasilisha barua mahakamani, kisha akaenda kwa mama wa mfungwa, fundi cherehani, akamkuta akipinda suruali.

"Mama, mimi ndiye niliyeapa kwamba mwanao alimkaba mkewe. Siwezi kuapa kwamba hana hatia; naweza kuapa kwamba mfupa ule haukuvunjika."

Mama akasimamisha cherehani.

"Umekuja na mdomo mtupu?"

"Nimekuja na nakala ya barua niliyoipeleka mahakamani. Ina muhuri."

"Basi nisomee. Ukifika ulipokosea, rudia."

Alisoma amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Alipofika pale akarudia; mama akatikisa kichwa, hajatosheka. Akarudia tena. Baada ya mara ya nne mama aliuliza mwanawe atarudi lini, na Bwana Lenzi akamwambia kwamba hilo litaamuliwa na mahakama, kisha akaanza kusoma mara ya tano.