Harufu ya Papa Ukutani

Nakumbuka nyumba yetu ya Shella, hapa Malindi, ilivyoamka inanuka papa mkavu, na papa hatukununua.

Mwanangu, nilikuwa mzazi wa mtoto mmoja, mchanga, tukikaa na mama mkwe wangu mwenye presha. Chumvi alikatazwa, na papa ni chumvi tupu. Basi nikashuku anamficha chumbani anamla kwa siri. Naye akashuku nampika papa yeye akilala, nisimpe. Tukipishana ukumbini, kila mmoja anamnusa mwenzake. Kabati langu alilipekua. Najua, kwani mimi leso zangu sizikunji vile. Nikipita, husema na hewa: "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilimchukia, sikufichi.

Na muda wote huo mtoto analala kando ya ukuta wenye soketi ya friji, chandarua kimening'inia juu yake.

Akaja shangazi yangu kutoka Mambrui. Hata kuketi hakuketi.

"Mmepika papa?"

"Muulize mwanao," akasema mama mkwe. Mimi nikabetua mdomo.

Shangazi akatutazama. "Mwanusana nyinyi kwa nyinyi. Ukuta je, mmeunusa?" Akagusa soketi ya friji, akauondoa mkono mbio. "Mtoeni mtoto! Zimeni umeme!"

Aliyemnyakua mtoto ni mama mkwe, na presha yake. Soketi ilipofunguliwa, ndani imeungua, nyeusi tii, na chandarua kimeigusa. Nikalia, naye akalia.

Ndoo ya plastiki ikipata moto hulegea, ikapinda, ukaiona. Plastiki ya soketi si hiyo. Imepikwa kiwandani mara moja ikashika umbo, haiyeyuki tena. Joto likizidi huungua pale pale, umbo ni lile lile, hadi ipasuke. Kinachokuonya ni harufu, na mara nyingi harufu yenyewe ni ya samaki. Sasa katika mji huu wa samaki, nani atashtuka?

Mimi bado ni mtu wa kushuku, mwanangu, na wewe shuku. Lakini nyumba ikinuka samaki na samaki hamna, zima umeme kwanza, uite fundi, ndipo utazame watu. Neno baya nalo likishaungua moyoni mwa mtu, huliyeyushi ukalifinyanga upya. Mimi na mama mkwe tulijaribu miaka.

Mungu akupe pua kali na dhana njema, na wanao walale salama.