Mshenga wa Kristofa

Justina ndiye fundi pekee ninayemjua hapa Somanda anayerudisha vipande. Mpelekee kitenge akushonee gauni, na siku ya kulichukua utakuta mabaki yote yamekunjwa ndani ya mfuko, hata kile kipande kisichotosha kufuta jasho. Mafundi wenzake wanaona anawaharibia kazi. Mimi Mektilda nauza vitenge kando yake sokoni, turubai letu ni moja, na nimemwambia mara nyingi kwamba kwa vile vipande angeshona foronya akauza. Jibu lake ni lile lile: "Mama Malimi, vina mwenyewe." Basi. Hahubiri. Hilo ndilo linaloniudhi, maana mtu akikuhubiria unaweza kubishana naye.

Yeye ni mlokole, mimi ni Mkatoliki wa jumuiya na rozari, na tumekaa pamoja tangu alipofiwa na mume, binti yake Joyness akiwa bado shule ya msingi. Sasa Joyness ameolewa Mwanza. Miaka hiyo yote sijamsikia Justina akisema "Bwana ameniambia." Wenzake wanaambiwa kila kukicha: wameambiwa wahame nyumba, wameambiwa wasipande dengu mwaka huu, wameambiwa mpaka rangi ya sare. Justina akiwa na jambo zito anaomba, anasoma Biblia yake iliyochakaa, anauliza watu wawili watatu wasiomwogopa, kisha analala. Asubuhi anasema, "Nimeona afadhali hivi." Siku moja alipita kijana na vichupa vya mafuta ya kuita wateja. Justina alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwuliza kwa upole, "Na wewe mwanangu, mbona wateja unawatafuta kwa miguu?" Nilicheka hadi nikashika meza.

Jumapili moja, pamba ikiwa imeanza kuuzwa, nilikwenda kanisani kwao. Sare mpya za kwaya alizishona kwa vitenge vyangu, nami nilitaka kuviona vikicheza. Wakati wa ushuhuda akasimama mwinjilisti Kristofa. Ni mtu wa Kiloleli, mkulima wa mpunga, amefiwa na mke, mpole, mwenye sauti nzito. Mwaka huo koti lake lilikuwa limeletwa kwa Justina mara tatu, na koti la mtu mzima halichaniki hivyo.

"Bwana asifiwe," akasema. "Ndugu zangu, Bwana amenionyesha mke wangu. Ni dada Justina, na ameniambia ni mwaka huu."

Vigelegele! Kinanda kikalia, akina mama wakapunga vitambaa, mchungaji Elia akainua mikono yote miwili. Wanasema penye wengi pana Mungu, na siku ile walikuwa wengi kweli. Justina alikuwa safu ya mbele, pamoja na idara ya wanawake aliyokuwa akiiongoza. Akasimama, akangoja kelele zishuke.

"Bwana asifiwe. Nimesikia. Naomba muda, na mimi nimwulize."

Akakaa. Kinanda kikanyamaza kama umeme umekatika.

Siku mbili baadaye mchungaji alifika kwenye meza zetu. Si mtu mbaya, ana haraka tu.

"Dada Justina, kanisa zima limesema amina. Kuchelewa kutii nako ni kutotii."

"Mchungaji, Gideoni alitandika ngozi ya kondoo mara mbili, na Mungu hakumkasirikia."

"Gideoni alikuwa anakwenda vitani."

"Na mimi nakwenda kwenye ndoa."

Mchungaji alicheka bila kutaka, lakini aliondoka hajaridhika. Haukupita muda, idara ya wanawake ikamwomba Justina "apumzike" uongozi. Neno hilo lilinichoma. Mtu hajachoka, unampumzishaje? Yeye alilia, machozi yakadondokea gauni la mteja. Akalianika kwanza likauke, ndipo akaendelea kushona.

Nikamwuliza waziwazi, maana mimi sijui kuzunguka. "Kwani humtaki?"

Akasimamisha cherehani. "Namtaka, Mama Malimi. Namtaka sana. Hapo ndipo penye shida."

"Sasa mbona unajitesa?"

"Fikiria niko nyumbani kwake. Anasema tuuze cherehani. Nakataa. Anasema, Bwana ameniambia. Nitajibu nini? Anasema Joyness asije Krismasi, Bwana ameniambia. Mume wa kawaida nitabishana naye, tutanuniana, tutapatana. Lakini huyu anayekaa mezani na Mungu mfukoni, nitabishana naye wapi? Nitanyamaza leo, nitanyamaza kesho, mpaka nife nimenyamaza. Na kibaya zaidi, nitaanza kumchukia Mungu kwa maneno ambayo hakuyasema."



Kaka yake Justina, Bujiku, hufuga ng'ombe kule Mkula, na habari za kanisa hana. Alitukuta mchana, vumbi la pikipiki limemjaa hadi kwenye nyusi. "Mwadila, mayu," akanisalimu kwa heshima, kisha akamgeukia dada yake. "Nasikia Mungu ndiye amesema uolewe. Sawa. Ng'ombe wa mahari nimdai nani? Atawaswaga yeye mwenyewe kutoka huko juu?"

Justina alimkemea asimfanyie Mungu utani. Lakini jioni nzima niliona cheko likimtoka pembeni mwa mdomo.

Hatimaye Kristofa akaja mwenyewe, na lile koti mkononi. Safari hii lilikuwa limekatika kifungo. Nikajifanya nakunja vitenge.

"Dada Justina," akaanza, "unampinga Bwana?"

"Kaka Kristofa, keti." Akaketi kwenye kigoda cha wateja. "Kwetu Usukumani mtu akitaka kuoa anatafuta mshenga. Anamwona mzee mwenye ulimi mzuri, anamtuma. Wewe umemtuma Mungu. Mshenga huyo ni mkubwa mno kwangu, sina kiti cha kumkalisha. Nikimkataa, nimekuwa mwasi. Nikimkubali, sijui nimemkubali nani."

"Lakini nilisikia..."

"Ulisikia nini? Niambie, huku ukijua na yeye anakusikia."

Uso ukamwiva Kristofa. Akalichukua koti lake, kifungo hakijashonwa, akaenda zake bila kuaga. Justina alibaki ameshika sindano. "Nimemfukuza," akasema. "Nimemfukuza mtu ninayempenda."

Basi tukakaa. Mvua za kwanza zikanyesha, watu wakarudi mashambani kupanda pamba, na Kristofa hakupita tena mtaani kwetu. Kila Jumapili Justina aliketi benchi la nyuma, akaimba kama kawaida, akarudi nyumbani peke yake. Nilimwonea huruma, na sitaficha, nilimkasirikia pia. Nilimwambia angekubali tu, mengine angeyarekebisha akiwa ndani ya ndoa. Akasema, "Nguo iliyokatwa vibaya hairekebishwi kwa kuivaa." Nikasusa siku nzima.

Kisha asubuhi moja simu yake ikalia, na Bujiku anapopiga simu hupaza sauti kana kwamba anaita ng'ombe, kwa hiyo soko zima lilisikia.

"Justina! Leo amekuja mtu mwenye miguu! Mzee Ngassa, katumwa na yule wako wa Kiloleli. Tumemkaribisha kwa michembe ya viazi na karanga, anakula vizuri. Anasema mwenyewe aliogopa utamkataa. Nikamwambia, mficha uchi hazai!"

Justina alifumba macho kidogo. "Mwambie mzee nashukuru sana. Kwako amefika, kaka. Bado kanisani, kule mwenyewe alikosemea mara ya kwanza."

Jumapili iliyofuata nilisali misa ya kwanza, nikapanda bodaboda mpaka kwa walokole. Padri anisamehe, nilitoka kabla ya matangazo. Wakati wa ushuhuda Kristofa akasimama palepale aliposimama siku ile. Koti lilikuwa bado halina kifungo.

"Ndugu zangu," akasema, na ile sauti nzito haikuwa nzito tena. "Niliwaambia Bwana ameniambia. Hakuniambia. Nilimwona dada Justina akiwarudishia watu vipande vyao, nikampenda. Nikaogopa kwamba akinikataa nitaaibika, ndipo nikalichukua jina la Bwana nikalitanguliza mbele yangu. Kwa Bwana nimetubu. Sasa natubu kwenu, na kwa dada Justina."

Mtu mmoja alianza kusema amina akaiachia katikati. Mchungaji Elia aliinamisha kichwa, na nafikiri alikuwa anaomba kweli. Kristofa akageuka kulitazama benchi la nyuma.

"Dada Justina, ninayekuomba ni mimi. Ukikataa, umenikataa mimi tu. Mungu hutakuwa umemkataa."

Watu wote wakageuka. Nilishika rozari ndani ya mkoba wangu, humo humo kanisani kwao, nikaizungusha upesi upesi. Justina akasimama taratibu, akajishika kwenye benchi lililo mbele yake.

"Bwana asifiwe," akasema. "Nimeomba tangu wakati wa pamba, na mimi sijaambiwa kitu. Nimesoma Neno, nimewauliza wanaonijua, sijaona katazo." Akamtazama Kristofa, na kwa mara ya kwanza hakumwita kaka. "Kwa hiyo na huku ni mimi tu, Kristofa. Nimekukubali. Lete hilo koti nishone kifungo."