Kibali cha Gitega

Juma lililopita, tukitoka Gitega kwenda Muyinga, polisi walisimamisha gari letu kwenye kizuizi cha barabarani, tulipoingia Muyinga. Mfanyabiashara mmoja wa Magarama, mtaa wa Gitega, ambaye mama mmoja mwenye mbuzi alikuwa amemlalia begani njia nzima, akapandisha koti taratibu. Bastola! Mama akajibana dirishani, yeye na mbuzi wake.

"Kibali iko hapa, afande," yule bwana akasema. "Ya kuibeba chini ya koti."

Polisi akaisoma ile karatasi, akaigeuza, akasoma na upande usioandikwa kitu.

"Hii iko ya Gitega. Hapa iko Muyinga."

"Lakini afande, mi naenda kuoza binti yangu leo!"

"Na bastola?"

"Gitega mi niko mtu wa kuaminiwa!"

"Kule, sawa. Huku bado hatujakujua. Irudishe kwanza."

Mama akachungulia. "Na mbuzi wangu, afande? Cheti chake cha chanjo ni cha Gitega pia."

Polisi akakitupia jicho. "Huyu apite."

Wasomaji, sina ugomvi na sheria. Afadhali bastola itiliwe shaka kuliko mbuzi. Ila yule bwana aliposhuka, hakumtazama hata polisi. Aliinama dirishani, akanong'ona:

"Mama, huyo daktari aliyempa mbuzi wako cheti, pale Gitega anakaa wapi?"