Maofisa wa watoto si wavivu: siku mdogo wangu aliposema jua halitoki kwa mlima

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi huwa nasoma tu na kupita, lakini leo mmenitoa pangoni.

Kuna uzi humu watu wanacheka lile pendekezo la sheria kwamba ofisa mmoja wa watoto asipewe watoto kupita kiasi. Ati wanataka mshahara wa kulala. Nimeusoma hadi chai ikapoa.

Ninayoandika ni maisha yangu mwenyewe. Majina nimebadilisha, chumvi sijaongeza.

Miaka ya sabini mimi na mdogo wangu Muthoni tulibaki bila wazazi. Baraza letu la Nyeri la wakati huo lilikuwa na mpango wa kuweka watoto kama sisi kwa familia za watu, kila nyumba mtoto mmoja. Mimi nikapelekwa Giakanja kwa mjane niliyemwita Maitu, yaani mama, na mpaka leo hilo ndilo jina lake kwangu. Muthoni akapelekwa Chaka kwa Mama Kiarie.

Ofisa wetu alikuwa Madam Wangui. Peke yake, kwa watoto wote kuanzia Tetu hadi Kieni, na gari hana.

Sasa angefanya nini? Akabuni njia. Kila mwezi, siku ya soko Chaka, walezi walete watoto awaone hapo kando ya wauza viazi. Sisi watoto tuliita Shoo, kama ile ya ng'ombe wa maziwa. Mnapangwa, mnaangaliwa macho na meno, mnaulizwa kama mnakula, mnasema ndiyo, mnarudi nyumbani.

Na hapo ndipo watu wetu walipokosea, na wenyewe mnajua tulivyo. Mtu wa kwetu hawezi kupeleka mtoto mbele ya serikali na nguo za kila siku. Aibu itamuua!

Maitu, na wema wake wote, alinipaka mafuta nikang'aa kama sufuria mpya. Akanivalisha soksi nyeupe ambazo sikuziona tena hadi Shoo nyingine. Kila mlezi alifanya vivyo hivyo. Sasa mtoto anayelelewa vizuri na yule anayeteswa wakisimama pamoja, wote wana soksi nyeupe. Madam angejuaje?

Shoo moja nikakaa kando na Muthoni tukitafuna miwa. Alikuwa bado mdogo, hajaanza shule. Akaniambia tu, bila kulalamika:

"Siku hizi jua haitoki kwa mlima."

Nikamwambia aache ujinga. Ukiwa Chaka, asubuhi jua linapanda kutoka upande wa Mlima Kenya, hilo kila mtoto analijua.

"Hapana. Kwetu inatoka kwa shamba ya ngano. Mlima iko huku kando."

Mahali pa ngano ambapo mlima umehamia upande mwingine ni Timau, huko mbali ukishapita Nanyuki. Mdogo wangu hakuwa anaishi Chaka. Alikuwa analetwa tu kuonyeshwa, kisha anarudishwa. Nikamshika mkono na nikaona vidole vimepasuka.

Nilimwambia Maitu hapo hapo, naye akamwendea Madam. Madam hakubisha.

"Mama, nakuamini. Lakini nikienda Timau kutafuta huyu mmoja, hawa wengine naachia nani? Na bado wananiongezea wengine."

Niseme ukweli, siku hiyo nilimchukia. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba alikuwa amelemewa.

Maitu naye si mtu wa kuambiwa haiwezekani. Jumapili, ibada ikiisha, alimsimamisha diwani wetu, Mzee Gichohi, mlangoni mwa kanisa mbele ya watu wote. Diwani huyu alipenda sana kusema ofisi zimejaa wavivu. Kama nyinyi tu.

"Mzee, si uko na pickup? Kesho peleka Madam aone mtoto mmoja. Mmoja tu."

Akakubali, nadhani kwa nia ya kumwaibisha Madam. Maitu akasema niende nao ili Muthoni asiogope.

Tulipofika Chaka, Mama Kiarie akasema mtoto ameenda mtoni. Tukangoja. Baadaye akasema ni dukani. Diwani akamuuliza, "Ati hiyo duka haina mlango ya kutokea?" Mama akaanza kulia, akakiri kwamba Muthoni yuko kwa dada yake Timau, "anasaidia kidogo."

Tulifika Timau jua likianza kushuka. Muthoni alikuwa katikati ya ngano, amejifunga gunia juu ya gauni, hana viatu, anapiga debe kufukuza ndege. Aliponiona hakukimbia kuja. Alijiangalia kwanza, kisha akauliza:

"Leo ni Shoo? Sijaoga."

Nililia pale pale. Diwani alizunguka nyuma ya pickup, akajifanya anaangalia gurudumu.

Madam aliamua Muthoni aje nasi Giakanja, mambo ya mtoto mmoja kila nyumba yatajulikana mbele. Tukabanana kitanda kimoja, na sijawahi kulala vizuri vile.

Baraza lilipokutana, Maitu na akina mama wa kanisa walikaa nyuma kusikiliza. Mzee Gichohi akaleta hoja ya by-law, yaani sheria ndogo ya baraza: ofisa asiongezewe mtoto mwingine ikiwa hawezi kuingia nyumbani kwa kila mmoja aliye naye, kila mwezi. Waliweka na idadi, ila siikumbuki vizuri, msinibane.

Diwani mwingine akaruka, "Kwani sisi tulilelewa na ofisa gani?"

"Mimi nimemaliza siku mzima na gari nikitafuta mtoto mmoja," Mzee Gichohi akamjibu. "Nyinyi mnataka huyu mama atafute wote na miguu?"

Ikapita chupuchupu. Baraza likaajiri maofisa zaidi, na Shoo ikafa.

Sio kwamba mbingu ilishuka Nyeri. Kuna wakati maofisa walipungua tena na akina Maitu wakarudi kupiga kelele. Lakini sasa walidai sheria ifuatwe, hawakuwa wakiomba huruma.

Madam alipokuja kwetu mara ya kwanza, hakutoa taarifa. Ilikuwa siku ya kufua, tuko na matope hadi magotini. Maitu alikimbilia ndani kutafuta soksi nyeupe. Madam akamwita, "Wacha hizo, Mama. Nimekuja kuwaona vile mko." Akavuta kigoda, akaanza kuchambua maharagwe nasi. Kisha akamuuliza Muthoni jua la hapa linatoka wapi.

Muthoni akanyoosha kidole chenye povu la sabuni. "Kwa mlima."

Leo yuko Nanyuki, ana wajukuu, na ndiye aliyeniambia niandike haya.

Kwa hiyo mnaocheka, sikieni funzo langu. Sheria ya kumpunguzia ofisa mzigo haipo ili apate kulala. Ipo ili mtoto aonwe siku ambayo hajaoga.

Haya, uwanja ni wenu, hata wa kupinga karibuni. Na kama kuna mwingine humu aliyewahi kuvalishwa zile soksi, aseme tujuane.